Gobore la Babu na Kanga wa Sikonge

Kwetu Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, kiangazi kilikuwa msimu wa kanga. Karanga zikishang'olewa, makundi yao yalishuka mashambani asubuhi kuparura zilizosalia udongoni, na jioni yakarudi kulala kwenye miti mirefu. Huo ndio ulikuwa wakati wa babu, mzaa mama, kuliteremsha gobore lake darini. Kibali chake alikihifadhi ndani ya mkebe wa majani ya chai, na alipotakiwa kukilipia alifunga safari ya wilayani bila kunung'unika. Kazi yangu ilikuwa kubeba mfuko wa marisau.

Kushindilia gobore kulitaka utulivu. Babu alipima baruti kwa kipembe kidogo, akaimimina kwenye mdomo wa mtutu, akafuatisha nyuzi za magome ya myombo na kusukuma kwa mdeki mpaka aliposikia umegonga sawasawa. Kisha yakaingia marisau, ujazo uleule wa baruti, na nyuzi nyingine kidogo za kuyazuia yasimwagike mtutu ukiinama. Fataki aliiweka mwisho kabisa, tukiwa tumeshafika mawindoni. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti, kama sehemu 75, 15 na 10, nayo hunyonya unyevu haraka. Kwa hiyo, asubuhi za umande alifunika mtambo kwa kitambaa kilichopakwa nta ya nyuki, maana nta kwetu haikukosekana.

Mtutu wa gobore ni laini ndani. Hauna michirizi ya kuizungusha risasi, wala haukubanwa mdomoni, hivyo marisau hutawanyika mara tu yanapotoka. Kwa babu, hatua 25 zilikuwa mwisho. Zaidi ya hapo, alisema, ni kumtesa ndege: atajeruhiwa, atakimbia, atafia kichakani asimfae mtu wala mwewe.

Kumkaribia kanga hatua 25 si mchezo. Ana macho makali, na akishtuka hukimbia kabla ya kuruka, huku kelele zake zikiamsha pori zima. Tulijibanza nyuma ya kichuguu kabla ya mapambazuko, tukingoja kundi lijisogeze lenyewe. Babu aliwaacha wengi wapite. Alitaka shingo mbili zikae kwenye mstari mmoja, kwa sababu alijua mlio ni mmoja tu. Moshi ukishatanda, kundi limetoweka, na kushindilia upya ni kazi ya mtu aliye nyumbani. Tulirudi na kanga mmoja au wawili, mara nyingine mikono mitupu, na siku hiyo ilikuwa imekwisha. "Mjukuu wangu," aliniambia, "pori si ghala lako. Chukua cha leo."

Silaha ile aliirithi kwa wazee wake. Ilikuwa ya gumegume kabla ya fundi wa chuma kuibadilisha iwe ya fataki. Katika karne ya 19 misafara iliyopitia Unyanyembe, hukohuko Tabora, ilileta bunduki nyingi kutoka pwani, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa rugaruga, wapiganaji wake waliobeba bunduki za namna hiyo. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya na wenzao walitia saini Mkataba wa Brussels. Pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa, mkataba huo ulizuia bunduki za kisasa kuuzwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mwanya kwa zile za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Watawala wakabaki na bunduki za kasi, na mwenyeji akabaki na mlio wake mmoja. Nilipoyasoma hayo ukubwani niliumia. Silaha iliyonifunza subira ilikuwa pia alama ya kunyimwa.

Mwaka 1989 serikali ilipoanzisha Operesheni Uhai kukomesha ujangili wa tembo, gobore lilianza kutazamwa kwa jicho jingine. Siilaumu operesheni ile. Gobore hilohilo, likijazwa kipande cha nondo badala ya marisau, huangusha twiga. Babu alipofariki, wajomba walikubaliana silaha ikabidhiwe polisi, kwa kuwa kibali kilikuwa cha marehemu mwenyewe. Leo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kufua bunduki uani bila leseni, na ni haki iwe hivyo.

Lakini kanga hawakupona kwa kuondoka kwa gobore. Miti waliyolalia imekatwa, mingi ikawa kuni za kukaushia tumbaku. Wako wanaowafuata usiku kwa tochi na pikipiki, wanaotega nafaka yenye sumu, na wanaookota mayai yote kiotani wakati wa masika. Njia hizo hazina kikomo ndani yake. Gobore lilikuwa nacho: uzito, moshi na uchelewaji wake vilimwekea mwindaji mpaka hata kama moyo wake haukuutaka.

Ndiyo maana sitamani gobore lirudi. Ninachotamani ni ule mpaka, na sasa hauna pa kukaa isipokuwa katika makubaliano yetu. Mkoa wa Tabora una jumuiya za hifadhi za wanyamapori kama Ipole na Uyumbu, ambako vijiji vimetenga ardhi na kuitunza kwa pamoja. Huko huzungumzwa tembo, ufugaji nyuki na vitalu vya uwindaji. Naomba kanga naye atajwe kwa jina: miti anayolala isiguswe, viota vyake viachwe masika yote, na wa tochi na sumu achukuliwe hatua kama jangili mwingine yeyote. Babu alizuiwa na silaha yake. Sisi tutazuiwa na sheria tuliyojiwekea wenyewe, na hiyo ni heshima kubwa kuliko ile aliyoachiwa yeye na mkataba wa mwaka 1890.