Gari la Marehemu Baba Limerudi Barabarani

Wahenga walituachia usemi kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huo niliusikia tangu utotoni, na nilipokuwa katika chuo cha ualimu niliwahi hata kuufundisha darasani. Lakini maana yake kamili niliipata mwaka 2022, nikiwa nimelala chali chini ya gari bovu, mafuta machafu yakinidondokea shingoni.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 la mwaka 1981, la aina ile ndefu yenye safu tatu za viti. Marehemu baba yangu, aliyekuwa sajini wa polisi, alilinunua mwaka 1994 likiwa tayari limekwisha kutumika sana. Ninyi mnaoishi kambini mnajua maana ya uhamisho. Barua hufika Jumatatu, na Ijumaa jamaa nzima huwa njiani. Mara tatu tulihama kwa gari hilo, vitanda na masufuria yamefungwa juu ya paa, sisi watoto tumebanana nyuma pamoja na kuku. Mwaka 2011 liliharibika, likasukumwa hadi chini ya mwembe nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Tororo. Mwaka uliofuata baba akafariki dunia. Gari likabaki pale miaka 11. Kuku walitaga mayai katika viti vyake, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawakuacha kuja kumwuliza mama bei. Mama aliwajibu kila mara kwamba mwenyewe hajasema.

Vijana wa siku hizi huliona gari la namna hiyo kuwa ni aibu. Wao wamezoea magari ya Kijapani yenye kioo cha picha mbele ya dereva. Lakini wazee wanakumbuka heshima yake. Aina hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza huko Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 ilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978. Kabla ya hapo ndugu yake mkubwa, Peugeot 404, alikuwa ameshinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Magari ya 504 yaliunganishwa pia nchini Kenya, na kwa miaka mingi ndiyo yaliyokuwa teksi za safari ndefu katika nchi zetu.

Sikulifufua gari kwa ajili ya sifa hizo. Mama yangu anaugua ugonjwa wa sukari, na kila mwezi hana budi kwenda kliniki mjini Mbale, mwendo wa kilomita 45 hivi. Mwezi Machi 2022, alipokuwa akirudi kutoka kituo cha basi juu ya boda boda, mvua ilinyesha, pikipiki ikateleza, naye akaanguka na kuvunjika mkono wa kushoto. Nilipomwona amelala kitandani, mkono umefungwa plasta, niliona haya. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi ya serikali, na mama yangu alikuwa akibebwa mvuani kama gunia la mihogo.

Mke wangu alishauri tuchukue mkopo, tununue gari dogo lililotumika kutoka Japani. Nilipiga hesabu nikaona mkopo huo ungekula mshahara wangu kwa miaka minne. Nikamwambia kwamba gari tunalo.

"Baba Owor," akaniuliza, "lile banda la kuku ndilo unaloliita gari?"

Tulibishana siku mbili. Mwishowe tukapatana kwa masharti. Kila senti itaandikwa katika daftari, na fedha za karo za watoto hazitaguswa. Ndugu yangu mdogo, ambaye ni askari wa jeshi na alikuwa amerudi kutoka zamu yake Somalia, alichangia kiasi. Fundi mmoja mzee wa mjini alikuja, akalizunguka gari mara mbili, akasema shilingi 2,000,000 zitatosha.

Kazi ya kwanza ilikuwa injini, ambayo ilikuwa imeshikana. Fundi alikataza mtu yeyote kuilazimisha. Alitoa plagi nne, akamimina katika kila tundu oili iliyochanganywa na mafuta ya taa, akatuambia tungoje siku nne. Siku ya tano tulitia chuma cha kuzungushia mbele ya gari, tukasukuma taratibu, nayo injini ikageuka. Jambo moja la kupendeza katika injini hiyo ni kwamba mabomba ya silinda yake huchomolewa. Yakichakaa hubadilishwa pamoja na pistoni zake, bila kulitupa bloku zima. Kwa bahati yetu yalikuwa bado mazima.

Kichwa cha injini hakikuwa na bahati hiyo. Kichwa hicho ni cha aluminiamu na bloku ni la chuma. Maji matupu yakikaa ndani miaka mingi bila dawa ya kuzuia kutu, aluminiamu huliwa kama mahindi yaliyoingiwa na wadudu. Njia za maji zilikuwa zimeoza, na rejeta ilijaa tope jekundu. Tena tuligundua kwamba fundi fulani wa zamani alikuwa ameiondoa thamostati akidhani anaisaidia injini ipoe. Kumbe kifaa hicho ndicho kinachoongoza joto la injini. Kikiondolewa, injini hukosa joto lake la kawaida, hula petroli nyingi na kuchakaa haraka. Petroli iliyobaki tangini ilikuwa imegeuka gundi yenye harufu mbaya, na gundi hiyo ikawa imeziba vitundu vyote vya kabureta.

Vipuri vingine nilivipata Kampala katika soko la Kisekka. Vile vilivyokosekana huko nilivifuata mwenyewe Nairobi, katika barabara ya Kirinyaga, ambako wauzaji wazee bado wanalijua gari hili kama wanavyowajua watoto wao. Mwisho wa mwezi Agosti, injini ilinguruma. Jirani zetu walikuja mbio. Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni akiwa ameushika mkono wake ulioumia, wala hakusema neno.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kosa langu, nami naliandika ili lisiwe lako. Sauti ile ya injini ilinilevya. Fedha katika daftari zilikuwa zimekwisha, na fundi alikuwa ameniambia waziwazi kwamba breki bado. Nilikanyaga pedali, nikaona inashika, nikajisemea kwamba breki zitangoja mshahara ujao. Badala yake nilinunua matairi mapya manne, maana matairi ndiyo yanayoonekana na watu. Kununua matairi hayo nilichukua kwa siri shilingi 600,000 kutoka katika fedha za karo. Mke wangu sikumwambia.

Jumamosi moja ya Septemba nilimchukua mwanangu Owor, mwenye umri wa miaka tisa, tukaenda matembezi. Tulipokuwa tukiteremka kuelekea kituo kimoja cha biashara, msichana mdogo mwenye mtungi wa maji kichwani aliingia barabarani. Nilikanyaga breki. Pedali ilizama hadi sakafuni bila kushika kitu. Nikakanyaga tena, ikawa vile vile. Nilivuta breki ya mkono, nikairudisha gia hadi ya pili, injini ikalia kwa nguvu, nikakata usukani kushoto. Gari liliruka mtaro, likaingia katika shamba la mihogo na kusimama baada ya kugonga kichuguu. Nilipogeuka, Owor alikuwa akitokwa na damu mdomoni. Msichana alikuwa amesimama katikati ya barabara, mtungi umeanguka, maji yakitiririka miguuni pake. Alikuwa mzima.

Askari wa usalama barabarani alifika. Nilianza kumweleza kwamba mimi ni mtoto wa polisi, na kwamba gari hili lilikuwa la sajini fulani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kama baba yako alikuwa polisi, basi unajua kitakachofuata." Akaniandikia faini kwa kuendesha gari bovu, akaamuru livutwe hadi nyumbani. Alitenda haki, nami namshukuru.

Jioni ile nilimweleza mke wangu yote, ya breki na ya karo pia. Nilitazamia kelele. Yeye alimaliza kumwosha Owor uso, akanyosha mkono akaomba daftari. Tangu siku hiyo daftari linakaa kwake. Mimi niliacha kunywa bia ya mwisho wa wiki na kuuza redio yangu kubwa, na karo ililipwa kabla ya muhula kufungwa.

Kisha tulianza upya, safari hii tukianzia mahali panapostahili. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yakizeeka, maji yaliyomo hula vyuma kwa ndani, na breki zikipata joto maji hayo huchemka na kuwa mvuke, nao mvuke hausukumi kitu. Katika gari letu raba za ndani ya silinda kuu zilikuwa zimekauka, hozi zilikuwa zimevimba kwa ndani, na silinda za magurudumu ya nyuma zilikuwa zinavuja. Vyote vilibadilishwa. Nyaya za umeme zilizotafunwa na panya zilitolewa, na sakafu iliyooza ikachomelewa.

Daftari linaonyesha hivi: breki shilingi 1,150,000, kichwa cha injini na rejeta 1,380,000, kabureta, tangi na mambo ya moto 640,000, matairi 1,160,000, betri na nyaya 620,000, bodi na sakafu 700,000, ujira wa fundi 1,200,000. Jumla ni shilingi 6,850,000, yaani zaidi ya mara tatu ya makisio ya kwanza. Anayetaka kufufua gari kuukuu na asikie hesabu hiyo. Hata hivyo ni kidogo sana kuliko mkopo tuliokuwa tunaukaribia.

Liko jambo jingine ambalo jamaa za askari hulisahau. Gari lilikuwa bado katika jina la marehemu. Ilitubidi kwanza kukamilisha taratibu za mirathi, ndipo kadi ya gari ikabadilishwa jina, ndipo tukakata bima. Wajane wengi wamenyang'anywa mali kwa sababu ya kukosa karatasi. Mume aliye hai na aonyeshe mke wake mahali karatasi zinapowekwa.

Mwezi Novemba 2022 tulimpeleka mama Mbale. Alikataa kukaa mbele. Alikaa safu ya katikati, nyuma ya dereva, mahali pake pa siku zote. Nilikwenda polepole, na kabla ya kila mteremko nilijaribu breki. Tulipokuwa njiani akasema, "Sasa unaendesha kama baba yako."

Nikamwambia kwamba baba asingelifanya kosa nililolifanya. Mama akacheka. "Baba yako alilifanya, kabla hujazaliwa, kwa gari la watu. Unafikiri kwa nini kila Jumamosi alikuwa anapiga magoti kwenye magurudumu kabla ya kuliosha gari?"

Nilikumbuka magoti yale. Tulipokuwa watoto, tulidhani anatafuta sarafu iliyomdondoka.

Tangu siku ile hadi mwisho wa mwaka 2024 gari lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita 19,000, kazini, sokoni, kanisani, na kliniki kila mwezi. Hunywa petroli, sikatai, lita 11 hivi kwa kilomita 100. Vijana wengine bado hulicheka. Lakini mvua inaponyesha, wale wale hunipungia mkono kando ya barabara, nami husimama, maana sasa naweza kusimama.

Kwa ndugu wote wenye gari chini ya mwembe, ushauri wangu ni huu. Anzeni na breki, kisha usukani na matairi, kisha taa. Injini na iwe ya mwisho, kwa kuwa gari lisilokwenda halijamwua mtu. Andikeni kila senti, na wenzenu wa nyumbani walione daftari. Sisi kila Jumamosi asubuhi, mimi na Owor hupiga magoti kwenye magurudumu, kisha ndipo tunachota maji ya kuliosha gari.