Wifi anataka kamera

Ukifanya kazi gazetini watu wanadhani unajua kila kitu chenye betri. Wiki hii zamu ni ya wifi yangu. Mtoto wao anakaribia kutembea, bibi yetu anakaribia miaka tisini, na wametenga shilingi milioni moja na nusu. "Wifi, nichagulie kamera nzuri, yenye megapikseli nyingi."

Hapo kwenye megapikseli ndipo wauzaji wanapotukamatia. Nilimalize hili haraka. Picha ya albamu ya inchi 4 kwa 6, ikichapishwa vizuri kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji pikseli milioni 2 na kidogo. Fremu moja ya video ya 4K, ambayo ndiyo fahari ya mjini, ni pikseli milioni 8 na ushee. Ukiambiwa hii ina 24 na ile ina 50, shukuru, kisha uliza mengine.

Uliza habari za mwanga. Maisha yetu hayafanyiki studio. Yanafanyika sebuleni saa mbili usiku chini ya taa moja, au barazani, mtu amekaa kivulini na nyuma yake uwanja unawaka jua. Kamera inapima mwangaza wa eneo zima, inaona jua limezidi, inapunguza, na uso wa mtu mweusi unabaki giza lenye meno. Tena hili lina historia. Miaka mingi Kodak ilizigawia maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha picha iliyotoka vizuri. Google ilipotoa simu ya Pixel 6 ilitangaza kwa mbwembwe kwamba sasa imeshughulikia ngozi nyeusi. Hiyo ni mwaka 2021, jamani! Kwa hiyo dukani usijaribu kamera kwa kupiga picha rafu za bidhaa. Mpige mwenzako akiwa amesimama mlangoni, mwanga uko mgongoni kwake, uone unaweza kuongeza mwangaza wa uso wake kwa haraka kiasi gani.

Sensa nayo iwe kubwa (si ile ya watu na makazi, ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga). Ile ya saizi inayoitwa APS-C ina eneo kama mara tatu ya ile ya inchi moja, na usiku tofauti unaiona. Na jambo dogo ambalo muuzaji hatakwambia: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi kwa fremu 30, mpangilio wa Wamarekani, mara nyingi utaona michirizi ikitembea ukutani. Ingia kwenye menyu, chagua PAL, fremu 25, na shata ya 1/50.

Sasa nije kwenye sauti, maana hili ndilo linaloniuma.

Nyumbani tuna mkanda wa VHS wa harusi ya wazazi wangu, 1995. Babu yangu mzaa baba, aliyefariki nikiwa mdogo sana, anasimama kutoa nasaha. Anaongea kama dakika sita. Ananyoosha kidole, anacheka, watu wanapiga makofi, mama anafuta machozi. Na kinachosikika ni muziki. Fundi wa video aliweka nyimbo juu ya hotuba zote, ndivyo ilivyokuwa fasheni, na mkanda wenye sauti ya asili akarekodia harusi nyingine. Picha ni nzuri tu, hata kitambaa cha suti unakitambua. Baba hakumbuki babu alisema nini. Bibi anasema aliwaambia mengi.

Ndiyo maana nimemwambia wifi kamera isiyo na tundu la maiki asiiguse. Maiki ya kubana kwenye kola ni bei ndogo, na inaleta sauti ya mtu kuliko kamera iliyo mita tatu kutoka kwake, huku feni inavuma na jirani kafungulia redio. Bibi anasimulia kwa Kinyakyusa. Huyu mtoto wa Dar ataisikia wapi tena ile lugha, na ya namna ile?

"Si nitumie simu tu basi?" Swali zuri, na simu za siku hizi zinapiga vizuri. Lakini simu inakwenda kazini na mwenyewe. Bibi anasimulia saa nne asubuhi anapochambua mboga, na saa hiyo kaka na wifi wako kwenye foleni za mjini au ofisini. Anayekuwa naye ni shangazi. Kwa hiyo kamera iwe ya nyumba: ikae kwenye kabati la vyombo, imechajiwa, na shangazi aiweze.

Nimependekeza Canon EOS M50 ya mtumba. Ni ya 2018, Canon wameshaachana na ukoo huo wa kamera, lakini ina sensa ya APS-C, tundu la maiki na kioo kinachogeuka. 4K yake ni ya kujisifia tu, warekodi 1080. Kasoro yake ni kwamba ikifika dakika 29 na sekunde 59 inakata, mabaki ya kanuni za ushuru za Ulaya, na kwa bibi dakika hizo ndiyo kwanza anamaliza kutaja nani alizaa na nani.

Hela inayobaki inunue diski mbili, moja ikae kwetu, nyingine kwao. Kampuni kubwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016, na ule mkanda wetu nimeshaunakili mara mbili, muziki na yote.

Jana nimempigia shangazi kumweleza mpango. Hakuuliza megapikseli. Aliuliza kitufe cha kuanzia ni kipi.

Hicho chenye nukta nyekundu, shangazi.