Seti Nne za Betri na Usiku wa Kupamba

Ndugu zangu wanaohudhuria kupamba huukumbuka usiku ule kwa udi, kwa asumini na kwa vigelegele vinavyompokea bibi harusi. Mimi huukumbuka kwa sauti ndogo isiyosikika na mtu mwingine ukumbini: mlio mwembamba wa flashi inapojijaza baada ya kuwaka. Mlio huo ukiwa mfupi, moyo wangu hutulia. Ukianza kurefuka, najua kuwa betri zimechoka, na mkono wangu wa kulia huingia mfukoni kabla hata sijafikiri.

Nimepiga picha za harusi za wanawake hapa Mombasa kwa miaka 12. Katika muda huo nimeulizwa bei ya kamera yangu mara nyingi kuliko nilivyoulizwa khabari za afya, na lenzi imeshikwa na kupimwa uzito na kila shangazi. Kuhusu betri hakuna aliyewahi kuuliza, ilhali ndizo zinazoamua kama bibi harusi atakuwa na picha au hatakuwa nazo.

Neno hili si la kutia chumvi. Usiku wa kupamba mwanamume hapiti mlangoni, na familia nyingi siku hizi hukusanya simu za wageni wakati wa kuingia, kwa sababu wanawake huvua mabuibui wakakaa kwa raha zao. Ndugu yangu wa kiume anayenisaidia kubeba mizigo huishia getini. Maana yake ni kwamba ndani ya ukumbi wenye wanawake mia tatu kuna kamera moja tu, nayo ni yangu. Flashi ikifa, hakuna mtu wa kumpigia simu alete betri, wala hakuna mgeni atakayesema kesho yake, “Mimi nilimpiga kwa simu yangu, nitakutumia.” Nimeaminiwa, na amana hiyo inategemea vipande vinne vya betri vilivyo vidogo kuliko kidole.

Betri haiwashi taa ya flashi moja kwa moja. Kazi yake ni kujaza kidude kiitwacho kapasita, ambacho hukusanya umeme hadi kufikia takriban volti 300, kisha humwaga umeme huo kwa ghafla katika kibomba cha kioo chenye gesi ya zenoni. (Kwa sababu hiyo, flashi mbovu isifunguliwe na vijana nyumbani hata kama haina betri, kwani kapasita yaweza kuwa bado imeshika umeme.) Mmweko ukishapita, kapasita huanza kujazwa upya. Betri zenye afya huijaza kwa sekunde tatu au nne baada ya mwako wa nguvu kamili. Zilizochoka huchukua sekunde kumi au zaidi. Katika sekunde kumi juu ya jukwaa la harusi, mama humbusu bintiye kwenye paji la uso, akamwambia neno sikioni, akafuta chozi na kushuka.

Wanaoanza kazi hii hununua betri za kutupa, zile za alkalaini, kwa kuwa zimeandikwa volti 1.5 na za kuchaji zimeandikwa volti 1.2. Hudhani kubwa ndiyo bora. Katika flashi mambo huwa kinyume. Flashi hudai umeme mwingi kwa mara moja, na alkalaini ikidaiwa hivyo hulemewa, ilhali betri ya kuchaji ya aina ya NiMH huutoa bila taabu. Zamani betri hizi za kuchaji zilikuwa na ila moja kubwa: ukizijaza Jumatatu na kuziweka, baada ya wiki chache huzikuti na kitu. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa aina inayohifadhi sehemu kubwa ya umeme wake hata kwa mwaka mzima, na tangu hapo kazi yetu imekuwa nyepesi. Ninazo pia flashi za kisasa zenye betri moja kubwa ya lithiamu, nazo ni nzuri, lakini siachi kubeba ile ya betri nne, kwa kuwa betri zake hupatikana hata katika kioski usiku wa manane.

Ninazo seti nne za kila usiku, na kila seti nimeiandika kwa kalamu ya wino usiofutika: alifu, bee, tee, thee. Betri ya alifu haichanganywi na ya bee hata siku moja. Zikiwa nne pamoja, moja ikiwa dhaifu huzivuta zote chini, na ile dhaifu yenyewe huharibika zaidi kwa kulazimishwa. Zilizojaa hukaa mfuko wa kulia, zilizotumika mfuko wa kushoto, na kila seti ina kikasha chake cha plastiki. Sizitupi ovyo mkobani pamoja na funguo na sarafu, maana chuma kikigusa ncha zote mbili, betri hupata moto wa kuunguza kitambaa.

Lakini wingi wa seti haumsaidii mtu mfujaji. Elimu yenyewe ni kutumia nguvu ndogo. Flashi yangu naweza kuiambia iwake kwa nguvu kamili, kwa nusu, kwa robo, kwa thumni na kwa nusu thumni, na wazee waliobakia na hesabu za zamani watafurahi kusikia kwamba thumni bado ina kazi. Betri nne zikijaa hutoa miwako kati ya 100 na 200 ya nguvu kamili, kutegemea flashi. Kwa robo ya nguvu, hesabu hiyo hupanda takriban mara nne, na kapasita hujaa kabla hujashusha kamera usoni. Nuru inayopungua huifidia kwa njia nyingine. Nikipandisha ISO ya kamera kutoka 400 hadi 1600, nahitaji robo tu ya mwanga niliouhitaji mwanzo. Nikifungua tundu la lenzi kutoka f/4 hadi f/2.8, nahitaji nusu. Na nikisogea kutoka mita nne hadi mita mbili, nuru inayomfika bibi harusi huzidi mara nne bila ya betri kuombwa chochote. Miguu ya mpiga picha nayo ni sehemu ya umeme wake.

Dari ndiyo inayonipa mashaka. Uso wa bibi harusi aliyepambwa hauvumilii mwako wa moja kwa moja, kwani hung’aa na vipodozi huonekana kama chaki, hivyo twaielekeza flashi juu ili nuru irudi imelainika. Dari ikiwa nyeupe na ya chini, gharama hiyo hubebeka. Ikiwa ya makuti, au imefunikwa kwa vitambaa vyekundu, nuru humezwa na inayorudi hurudi na rangi isiyotakikana. Hapo humwomba msaidizi wangu, binti wa dada yangu, ashike kadibodi nyeupe pembeni. Wapo wenzangu wanaofunga flashi mbili na kuziwasha kwa nguvu kamili kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi siridhiki na njia hiyo. Kwa joto letu la pwani, miwako ishirini mfululizo ya nguvu kamili hutosha kuifanya flashi iwe moto mkononi, na nyingi hujizuia zenyewe hadi zipoe. Utakuwa na betri tele na bado huna nuru.

Mwaka juzi familia moja iliniita kando mchana wakaniambia kwamba mama wa bibi harusi alikuwa katika matibabu, na ataletwa ukumbini kwa dakika chache tu, yapata saa tano za usiku. Saa tano kasorobo niliitoa bee, ingawa ilikuwa na nusu ya nguvu zake, nikatia tee. Mama aliingizwa akishikwa huku na huku. Alipofika jukwaani stima ikakatika. Kwa kuwa simu zote zilikuwa mlangoni, hapakuwa na mwanga hata wa kutafutia kiatu, na jenereta ilichelewa kuitika. Taa ndogo nyekundu ya flashi, ambayo nayo hula betri zilezile, iliisaidia kamera kulenga. Nikapiga kwa robo ya nguvu, mmweko baada ya mmweko, na katika kila mmweko ukumbi mzima ulikuwa ukiwaona mama na mwana kwa kipande cha nukta na kisha giza. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele gizani. Umeme uliporudi, mama alikuwa ameshaomba kurudishwa nyumbani.

Alifariki miezi michache baadaye, Mola amrehemu. Picha zile ni tisa. Hazikutundikwa ukutani, ziko ndani ya albamu katika kabati la bintiye, na hutolewa wakija wanawake peke yao.

Kwa hiyo nawaomba wenye shughuli mambo mawili. Kwanza, mniambie mapema mpango wa usiku: nani ataletwa, saa ngapi, na kwa muda gani. Bibi harusi aghalabu hatoki kabla ya saa nne, na saa zile za kungoja ndizo ambazo mpiga picha asiyejua humaliza betri zake kwa kupiga meza, maua na watoto. Pili, mtenge soketi moja karibu na jukwaa kwa ajili ya chaja, isiyofungwa kipaza sauti wala feni. Na mnapomtafuta mpiga picha kwa binti yenu, mwulizeni ana seti ngapi za betri. Akicheka, mtafuteni mwingine.

Nikirudi nyumbani saa nane za usiku, siziingizi betri katika chaja zikiwa bado moto. Naziacha juu ya sahani hadi alfajiri, kisha nazijaza polepole, kwa saa tatu au nne, katika chaja inayopima kila betri peke yake, maana zile za haraka huzichemsha na kuzifupishia umri. Seti ikianza kuchelewa kuijaza flashi naistaafisha kazi za harusi. Alifu ya kwanza, niliyoinunua nilipoanza, imo katika redio ya mama yangu, na mpaka leo yamsomea taarifa ya habari.