Nani Mwenye Shimo?

Basi la Garissa kwenda Mombasa linateremka na Mto Tana, Hola, Garsen, halafu Malindi, na kabla ya kuingia mjini linapita Bamburi. Nimepita hapo mara nyingi, nikienda chuo na nikirudi nyumbani, hadi karo ikanishinda mwaka wa pili nikaacha. Pembeni mwa kiwanda cha simiti kuna msitu wa mivinje, mrefu, wa kijani kibichi kabisa. Ukiuona kutoka dirishani utaapa umeota wenyewe. Kumbe ni shimo.

Kiwanda kilianza kutoa simiti mwaka 1954, na simiti ya Pwani hutokana na mawe ya matumbawe. Walichimba karibu miaka 20. Kilichobaki kilikuwa uwanja mweupe wa mwamba, jua likichoma juu na maji ya chumvi chini kidogo tu. Mwaka 1971 kampuni ikamwachia kazi hiyo Mswisi mmoja, René Haller. Akajaribu aina 26 za miti, na tatu ndizo zilizoshika, mvinje ukiwa mbele. Mizizi yake hukaa na vijidudu vinavyoshika naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hauhitaji udongo wenye rutuba.

Lakini majani yake, yale kama sindano, hayaozi upesi. Yalirundikana chini na udongo haukupatikana. Aliyeokoa mradi wote ni jongoo. Ndiyo, jongoo, yule yule anayefukuzwa na ufagio. Haller aliona jongoo wakiyatafuna yale majani, akaagiza wakusanywe wengine na kuachiliwa humo, na kinyesi chao kikawa udongo. Mimi hupenda sehemu hii kuliko habari za Owen, kiboko yatima aliyeletwa hapo baada ya tsunami ya 2004 akamganda kobe mzee Mzee. Hiyo dunia nzima inaijua. Jongoo hakuandikiwa kitabu.

Mwaka 1984 watu wakaanza kuruhusiwa kuingia, na tangu 1999 mahali hapo panaitwa Haller Park. Nilipomwambia ayeeyo kwamba watu wa Mombasa hulipa pesa kuona twiga, alicheka mpaka akashika ubavu. Ukitoka Garissa mjini kidogo tu, Bour-Algi, twiga wanapita kati ya ngamia bure.

Sasa, kinachonikera si lango wala tiketi. Ni kwamba msitu ule wote unategemea kampuni. Mwisho wa 2024 kampuni ya Amsons kutoka Tanzania iliinunua Bamburi, na mivinje, twiga na jongoo wakabadilisha tajiri pamoja na kiwanda. Huenda wakatunzwa vizuri tu. Lakini Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya bustani na viwanja vya mapumziko. Nami nikisoma hivyo nafikiria mashimo ya kwetu, ambayo hayana kampuni wala Mswisi.

Kila barabara inayojengwa Kaskazini Mashariki huacha mashimo. Kontrakta anachimba murramu, anatandaza, anasawazisha, anapakia mashine zake kwenye lori na kwenda. Shimo linabaki, kuta zake zimesimama wima kama za kisima. Mvua ikinyesha linajaa, na watu wanashukuru, kwa sababu baada ya misimu mitano mfululizo bila mvua, kati ya 2020 na 2023, hakuna anayeuliza maji yametoka wapi. Mbuzi wanakunywa. Watoto wanaogelea. Baada ya mafuriko ya mwisho wa 2023, mtoto wa jirani yetu alizama katika shimo moja kama hilo. Alikuwa na miaka 9.

Wazee walienda kuuliza. Kontrakta: kazi iliisha na cheti alipewa. Ofisi moja: hiyo ni ardhi ya jamii. Ofisi nyingine: leteni barua. Na sheria zipo, si kwamba hazipo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ni ya 2016, na Sheria ya Madini ni ya mwaka huo huo, na hii ya pili inadai mchimbaji awe na mpango wa kuirudishia ardhi hali nzuri, pamoja na dhamana ya pesa.

Kuna machimbo mengine ambayo siwezi kuyataja kwa sauti hii hii. Tarehe 2 Desemba 2014, Kormey, karibu na Mandera, wachimba mawe 36 waliuawa na al-Shabaab usiku kwenye mahema yao. Wengi walitoka mbali, walikuja kutuvunjia mawe ya kujengea. Kama kuna shimo ambalo serikali inapaswa kulipanda miti na kulitunza kwa pesa yake yenyewe, ni hilo.

Nilimwambia haya abti yangu, mfugaji, nikidhani atafurahi. Hakufurahi.

"Abti," akasema (kwetu mjomba hukuita vile vile unavyomwita), "ukiliita bustani, watakuja na waya na askari. Mbuzi watakunywa wapi?"

Nikamwambia haitaji waya. Ukuta mmoja ukatwe uwe mteremko, mnyama na mtoto waingie na watoke. Migunga ipandwe upande wa upepo.

"Miti ya nani?"

Hapo alikuwa ananikumbusha mathenge. Mti huo uliletwa kwetu na wakubwa kuzuia jangwa, ukameza malisho na kuozesha meno ya mbuzi, mpaka kule Baringo mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani kama ushahidi. Mtu aliyepewa mathenge hapokei mche mwingine kwa mikono miwili.

Tukakubaliana jambo moja, mteremko. Abti anasema vijana 10 wenye sururu wanaweza kuukata kwa wiki mbili, bila kungoja barua. Mimi nataka kaunti ilete tingatinga, siku moja tu, na iweke sahihi kwamba shimo hilo ni lake kulitunza. Yeye anataka maji. Mimi nataka ile sahihi. Mvua za Machi zinakaribia, na ukuta bado umesimama.