Tisa wa Arusha

Jumatatu, 19 Septemba 2022, Mpepai

Alhamisi wiki hii Bunge letu litachagua wabunge tisa wa kutuwakilisha katika Bunge la Afrika Mashariki, kule Arusha. Leo kwenye kipindi cha Uraia nimewauliza Kidato cha Tatu nani anamjua hata mmoja kati ya wale tisa wanaomaliza muda wao. Kimya. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mama alimpigia kura diwani, akampigia mbunge, akampigia na Rais. Huyu wa Arusha alimpigia lini?" Nikamwambia hakumpigia, alimchagua mbunge wa jimbo, na mbunge ndiye atakayepiga. Hakuridhika, nami sioni kwa nini angeridhika.

Usiku huu nimesoma tena Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ibara ya 50 inasema Bunge la kila nchi mwanachama litachagua watu tisa ambao si wabunge wake. Kadiri inavyowezekana, tisa hao wawakilishe vyama vilivyomo bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Utaratibu wa kuwapata kila Bunge hujipangia lenyewe. Muhula ni miaka mitano, na mtu anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu.

Jumatano, 21 Septemba

Jioni nimepita AMCOS, chama chetu cha ushirika. Msimu wa kahawa unaelekea ukingoni na wazee walikuwa barazani wakizungumzia malipo. Nilipotaja uchaguzi wa kesho, mzee mmoja akasema, "Mwanangu, Arusha ni mbali. Mimi nikienda Mbamba Bay naitazama Malawi ng'ambo ya ziwa, na ndugu zetu wengine wako Msumbiji kuvuka Ruvuma. Hao wote hawamo kwenye hiyo Jumuiya yenu."

Ni kweli kabisa. Jirani zetu wa karibu hawamo, tunatungiwa sheria pamoja na Juba na Bujumbura. Lakini nikamwambia, "Baba, Arusha imeshafika hapa kitambo." Lori linalotoa kahawa Mbinga, na yale malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanayoteremka hadi bandari ya Mtwara, yanapimwa mizani kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Kikomo ni tani 56. Sheria hiyo haikupitishwa Dodoma, ilipitishwa na Bunge la Arusha. Hata forodha tunaiendesha kwa sheria ya Jumuiya ya mwaka 2004. Gharama ya lori kubeba mzigo mdogo inamrudia mkulima kwenye bei. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hao waliopitisha waliwahi kuja huku kutuuliza?"

Sijawahi kumwona hata mmoja huku.

Alhamisi, 22 Septemba

Wamepatikana: Angela Kizigha, Nadra Juma Mohamed, Shogo Mlozi, Machano Ali Machano, Abdullah Makame, James Ole Millya, Ngwaru Maghembe, Ansar Kachwamba na Mashaka Ngole. Wanane ni wa CCM, mmoja wa CUF. Makame na Maghembe wanarudi kwa muhula wa pili.

Wagombea hupangwa kwa makundi: wanawake, Zanzibar, vyama vya upinzani na Tanzania Bara. Mpango huo naukubali, maana bila hivyo Zanzibar na wanawake wangemezwa. Kinachonikera ni kundi la upinzani. Kiti ni cha upinzani, lakini wanaokipigia kura ni wabunge wote, na tangu 2020 karibu wote ni wa chama kimoja. Maana yake, chama tawala ndicho kinachoamua mpinzani gani aende Arusha.

Tuliliona hilo waziwazi Aprili 2017. CHADEMA walileta majina mawili kwa nafasi zao mbili, Ezekia Wenje na Lawrence Masha, na Bunge likawakataa wote wawili kwa kura za hapana. Mei chama kikaleta majina mengine, wakapita Pamela Massay na Josephine Lemoyan. Wapo waliosema kuleta majina mawili kwa nafasi mbili si uchaguzi, na hoja hiyo ina uzito. Lakini dawa ya orodha fupi ni kanuni inayodai majina zaidi. Kumpa mshindani wako mamlaka ya kukuchagulia mjumbe wako si dawa.

Jumamosi, 24 Septemba

Kenya walifanya vibaya kuliko sisi. Mwaka 2006 kamati ya Bunge ilipeleka majina bila kura yoyote kupigwa. Mwanasiasa Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na Novemba ikazuia majina hayo yasitambuliwe, siku chache kabla ya kuapishwa. Machi 2007 ikahukumu kwamba ule haukuwa uchaguzi kwa maana ya Ibara ya 50. Wakuu wa nchi hawakufurahi. Desemba 2006 walikwisha kuurekebisha Mkataba na kuigusa Mahakama yenyewe. Hata hivyo hukumu ilisimama.

Kuhusu idadi, sina malalamiko. Burundi inapeleka tisa, Kongo yenye watu wengi kuliko sisi inapeleka tisa, nasi tisa. Nchi ndogo isingeingia kwenye Jumuiya ambamo ingezidiwa kwa kura kila siku.

Malalamiko yangu ni namna wanavyochaguliwa. Malta, nchi ya visiwa yenye watu kama nusu milioni, ina viti sita katika Bunge la Ulaya, na kila mwananchi anawapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulaya nayo ilianza kama sisi, wabunge wakiteuliwa na mabunge ya nchi zao; kura ya wananchi ilikuja 1979. Kwetu kura ya moja kwa moja itadai kubadili Mkataba. Lakini kanuni za Bunge letu tunazibadili wenyewe, bila kuomba ruhusa Nairobi wala Kigali.

Ijumaa, 23 Desemba

Wiki hii wale tisa wameapishwa Arusha, na Spika wao mpya ni Joseph Ntakirutimana wa Burundi. Mvua imekolea na watu wako mashambani.

Nimemwandikia mbunge wa jimbo letu barua. Nimemwomba apeleke hoja ya kubadili kanuni: majina ya wagombea yatangazwe mwezi mzima kabla ya kura, wagombea wapite kwenye kanda kujieleza kwa wananchi, viti vya upinzani vipigiwe kura na wabunge wa upinzani peke yao, na kila mwaka hao tisa waje mikoani kutoa taarifa, Ruvuma ikiwemo. Muhula wao unaisha 2027. Muda wa kubadili kanuni upo, na asiyeanza sasa atakuwa ameamua kwamba wananchi waendelee kutoulizwa.