Rangi ya Nyumba ya Pwani Iliyochaguliwa Dodoma

Mtu aliyezaliwa pwani akahamia bara hana budi kufanya jambo moja: kila aonapo nyumba, huilinganisha na ile aliyolelewa. Sisi tulizaliwa Bagamoyo, na huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu tuje Dodoma kusomesha watoto Kurani. Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia kijumba cha mawe karibu na bahari: vyumba viwili, baraza mbele, na jiko uani. Ndugu wote tulikubaliana kitengenezwe, dada yetu mkubwa akae humo, na watoto waende kupumzika wakati wa likizo. Fedha zikachangwa, na kwa kuwa sisi ndio tuitwao maalimu, zikatiwa mikononi mwetu pamoja na kazi ya kuchagua rangi na mapambo. Twaeleza hapa jinsi tulivyoichukua amana hiyo, huenda mwenzetu akanufaika.

Dodoma imeinuka juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Mvua yake ni kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua, na upepo wenye vumbi jekundu. Wagogo, wenyeji wa nchi hii, waliijua tabia hiyo tangu zamani, wakajenga tembe: nyumba fupi ya miti iliyokandikwa udongo, yenye paa bapa la boriti na fito, na udongo tena juu yake. Upepo huipita bila kuibomoa, na mvua chache haziliyeyushi paa lake. Ukiitazama kwa mbali huwezi kujua ardhi yaishia wapi na ukuta waanzia wapi, kwa kuwa rangi ni moja. Siku hizi matembe yamebaki vijijini, tena machache. Mji uliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa wingi mwaka 2016, mabati na matofali ya saruji yameenea kila upande.

Nyumba yetu ya hapa tuliipaka nyeupe kwa kuikumbuka pwani. Kiangazi cha kwanza hakijaisha, ikawa nyekundu hata kimo cha dirisha. Jirani yetu Mgogo akacheka, akatushauri tupake sehemu ya chini rangi ya udongo. Tukamfuata, na tangu siku hiyo nyumba yaonekana safi mwaka mzima.

Tena tuliwahi kuwapeleka wanafunzi Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, kuiona michoro ya miambani iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Humo mna watu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu itokanayo na udongo wenye chuma, na mingine ya rangi nyeupe iliyochorwa baadaye. Wachoraji wale walitumia kilichopatikana katika nchi yao, nacho kimedumu karne nyingi.

Ilitupasa tujifunze kutokana na hayo kwamba kila nchi ina rangi yake. Sisi tukajifunza kwamba rangi ya Dodoma yafaa kila mahali.

Tukanunua hapa hapa mjini rangi ya mafuta, hudhurungi ya kupaka chini na maziwa ya kupaka juu, kwa sababu rangi ya mafuta hufutika kwa kitambaa. Dada yetu alipopata habari alisema katika simu, "Mdogo wangu, mama alikuwa akipaka chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani." Tukamjibu kwamba chokaa ni mambo ya kale, tena huchafua nguo za mwenye kuegemea. Akanyamaza. Nasi tukauhesabu ukimya wake kuwa ni ridhaa.

Nyumba ikapakwa mwezi wa Januari, na picha tuliyotumiwa ilipendeza. Masika yalipokwisha, simu ikaja: "Maalimu, kuta zinatoka jasho."

Tukashuka kwa treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Dirishani tuliona ardhi nyekundu na mibuyu, kisha milima ya upande wa Kilosa, kisha majani mabichi. Zamani misafara ya pembe iliikata nchi hii kwa miguu kwa majuma mengi, na ilipopita Ugogo ililipa hongo ya nguo, merikani na kaniki. Rangi zilikuwa zikipanda kutoka pwani kuja bara. Sisi ndio tuliotaka kuzishusha.

Tulipofika tuliona aibu. Rangi ilikuwa imefura kama ngozi iliyoungua, na tulipoibandua kwa ukucha palianguka unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Fundi mmoja mzee akatufahamisha. Ukuta wa pwani wa zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Huvuta maji ya ardhini pamoja na chumvi yake, kisha huyatoa nje kidogo kidogo kwa hewa. Chokaa huyaacha maji yapite. Rangi ya mafuta huyafungia ndani, na saruji nayo huharibu vivyo hivyo. Chumvi hukusanyika nyuma ya rangi, ikaisukuma mpaka ikabanduka. Mama yetu hakuwa amesoma kitabu cha ujenzi, lakini desturi yake ilikuwa na elimu ndani yake.

Kuta zikakwanguliwa, zikaachwa wazi zikauke. Chokaa ikalowekwa, ikachujwa, ikapakwa nyembamba mara tatu, kila mara ikingojewa kukauka. Safari hii dada yetu ndiye aliyechagua mengine. Milango na madirisha aliyapaka kijani. Vidakani alirudisha bakuli za mama, na sakafuni akatandika mikeka ya ukindu. Kijana mmoja wa ukoo alikuwa ameleta pazia lenye picha za tausi; dada akakumbuka habari ya pazia la Bibi Aisha, akalikata akashonea mito ya baraza. Hakikutupwa kitu.

Lilibaki deni. Fedha zile zilikuwa amana ya ndugu, nasi tulizipoteza kwa kujiona twajua. Tulipouliza dada kwa nini hakutukataza, alijibu, "Ningalisema nini, nawe ulikwisha kununua?" Jibu hilo lilituuma kuliko hasara yenyewe. Mgeni wa Dodoma tulimsikiliza jirani yake. Dada yetu, aliyekaa karibu na bahari umri wake wote, hatukumsikiliza. Tuliporudi tuliuza mbuzi watatu, tukairudisha fedha, na kila ndugu tukamwomba radhi.

Basi ndugu msomaji, ukitaka kupaka nyumba, kwanza jua ukuta wako umejengwa kwa nini, kisha utazame mvua, jua na vumbi la mahali. Uliza wenyeji, na kabla yao muulize yule atakayelala humo. Rangi ya kupendezea majirani ni israfu hata ikiwa rahisi, na nyumba tumepewa ili tutulie ndani yake.

Jioni tunapoandika haya, upepo wa Dodoma unavuma na vumbi linaugonga ukuta wetu bila kuacha alama. Na Bagamoyo, dada yetu atupa habari kwamba kuta ni kavu, na kwamba ameweka akiba ya gunia moja la chokaa kwa ajili ya Shaabani. Twamwomba Mwenyezi Mungu aziweke nyumba zetu katika amani, na atujaalie masikio ya kusikia kabla ya hasara. Amin.