Chini ya Kuwohi

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Katika mwaka wa masomo wa 2024/2025, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja kusini mwa Marekani, niliona nisilolitarajia: mimi, mzaliwa wa viungani mwa Karatina, niliyekua nikiutazama Mlima Kenya kila alfajiri, nilikesha siku tatu mbele ya ramani nikitafuta namna ya kutoupanda mlima.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Wanafunzi wangu wanne walipendekeza twende wikendi moja ya Aprili katika Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, iliyoko mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1934 na haina kiingilio, ingawa tangu Machi 2023 mwenye kuegesha gari kwa zaidi ya dakika 15 hulipia kibandiko, dola 5 kwa siku. Kilele chake kirefu zaidi kina mita 2,025. Kwa miaka mingi kiliitwa Clingmans Dome, hadi Septemba 2024 kiliporejeshewa jina lake la Kicherokee, Kuwohi, yaani mahali pa miforosadi. Ratiba ya wanafunzi ilikuwa fupi: kwa gari hadi karibu na kilele, kisha nusu maili ya lami hadi kwenye mnara. Walikuwa wamekwisha kumwalika Maalim pia.

Maalim ni mwenzangu wa kutoka Unguja, mtu wa miaka sitini na mitatu, mcheshi, mwenye pumu ya tangu utotoni. Mwezi wa Mei alikuwa arejee kwao, na alitaka aione misitu ya huko kabla ya kuondoka. Nilimwendea ofisini.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, huko juu kuna nini?"

"Mandhari, Maalim."

"Na chini?"

"Maua."

"Basi mimi ni wa chini."

Najua msomaji wa Limuru au Eldoret anacheka. Mita 2,025! Mtu wa Limuru hulala juu ya kilele hicho kila usiku bila kujigamba. Naam, si hewa haba iliyonitia hofu, bali baridi. Baina ya mabonde na kilele cha hifadhi ile joto huweza kupungua kwa nyuzi 6 hadi 11 za Selsiasi, na mwezi wa Aprili theluji huko juu si ajabu, ilhali hewa baridi ni adui mkubwa wa kifua chenye pumu. Hata huko chini hakukuwa na salama kamili, kwani majira hayo miti hupeperusha chavua, nayo chavua haimwonei huruma mtu wa namna hiyo. Maalim alikwenda kumwona daktari wake, akarudi na ruhusa pamoja na inhela mpya.

Lakini nisijifiche nyuma ya elimu ya hali ya hewa. Niliyemwogopa zaidi katika safari ile ni mimi mwenyewe.

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, sisi wanafunzi wanne tuliukwea Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru. Tulikuwa na siku chache na pesa chache zaidi. Usiku wa kwanza tulilala kwenye mita 3,050; jioni ya pili tukawa kwenye mita 4,200. Leo ninajua kwamba ukivuka mita 3,000 inapasa kituo cha kulala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Wakati huo nilijua tu kwamba Lenana ilikuwa karibu. Rafiki yangu wa chumbani alianza kulalamika kichwa tulipokuwa tukivuka tope la bonde la Teleki. "Jikaze," nikamwambia. Akajikaza. Alipotapika nikamwambia tena, safari hii mbele ya wenzetu, nao wakacheka. Usiku maneno yake yakaanza kuchanganyika na miguu ikakataa kumbeba. Kiongozi wetu na wapagazi wakamteremsha gizani, saa nyingi, kwa zamu.

Alipona, alhamdulillahi. Tangu mahafali hatujasemezana.

Tangu hapo nimelichunguza neno hilo kama mwanaisimu alichunguzavyo jeraha lake. Katika "jikaze", kirejeshi ji- humfanya mtenda na mtendwa wawe mtu mmoja: wewe ukaze, na kinachokazwa ni wewe. Anayeamrisha hayumo katika kitenzi. Habebi chochote. Hupita tu, mkono mtupu, akielekea kileleni.

Kwa hiyo nilipanga upya. Nilichagua njia ya Porters Creek, upande wa Greenbrier, inayoanzia kwenye mita 600 hivi na kupanda polepole kandokando ya kijito. Mwendo wa maili mbili hadi maporomoko ya Fern Branch. Maili ya kwanza ni barabara ya zamani ya changarawe, hivyo mtu akichoka anaweza kugeuka bila aibu wala hatari. Wanafunzi walinuna kidogo. Tukaafikiana kwamba Jumamosi ni ya bondeni kwa wote, na Jumapili wapendao waende Kuwohi wakati sisi wawili tukiwasubiri Sugarlands. "Aliye juu mngoje chini," Maalim akasema, na kwa nusu saa nikawa sina budi kuwaeleza Wamarekani wanne kwamba methali hiyo si ya kungojea magari.

Tulizozana pia kuhusu jina la majira yenyewe. Vitabu vyetu huandika "majira ya kuchipua", ambayo ni maelezo zaidi ya jina. Vuli, ambayo kwa Maalim ni mvua za mwisho wa mwaka, tumeipachika majira ya kupukutika majani. Maalim alisema lugha isiyojua theluji haipaswi kuona haya kukosa neno la kuyeyuka kwake. Sikukubaliana naye, na sikubaliani naye hadi leo, ila sikuwa na neno la kumpa.

Jumamosi ikawa na anga safi baada ya mvua ya usiku, nayo mvua ilikuwa imetuoshea chavua. Tulitembea kwa mwendo wa Maalim. Pembeni palikuwa na kuta za mawe za mashamba ya zamani na makaburi madogo mlimani, kwa maana wakulima walihamishwa ili hifadhi ipatikane. Na kabla yao Wacherokee wengi walifurushwa katika milima hiyo mwaka wa 1838. Maalim alisimama pale makaburini kitambo kirefu, viganja wazi. Hakusema alimwombea nani.

Kwenye daraja la gogo, maili moja na nusu hivi kutoka tulikoanzia, alishika ufito wa kando, akatoa inhela, akavuta mara mbili. Maporomoko yalikuwa mbele kidogo tu. Wanafunzi walikwisha vuka. Nikamtazama, na ulimi wangu, bila idhini yangu, ukapanda hadi kwenye kaakaa kuianza ile silabi.

Nikaumeza. Nikakaa juu ya jiwe.

"Wewe nenda, mwanangu, ukayaone maji."

"Nimechoka, Maalim."

Alinitazama kwa jicho la mtu asiyedanganyika, kisha naye akakaa. Miguuni petu kulikuwa na maua yanayowahi kuchanua kabla miti haijafunga majani na kuwanyima jua: majani matatu, petali tatu, kila moja hivyo hivyo. Wenyeji huyaita triliamu, na ni marufuku kuyachuma. Maalim aliuliza tuyaiteje sisi. Nikapendekeza "matatu".

"La hasha! Ua hili zuri uliite gari la makelele?"

"Basi Maalim atoe lake."

Akafikiri. Pumzi yake ilikuwa imetulia, mluzi ule wa kifuani umekoma. Wanafunzi waliporudi na picha za maporomoko katika simu zao walitukuta bado hatujaafikiana.